Mlima wa Kwenye Kioo

Mama Mdogo alikuwa amevaa masweta mawili na kinyongo kimoja, na katika hivyo vitatu hakuna alichokuwa tayari kukivua. Tangu dereva wa gari la kukodi awaambie kwamba njia imeishia pale na dakika ishirini zilizobaki ni za miguu, alikuwa akipanda nyuma ya wapenzi wale wawili kwa hatua fupi fupi, macho yote mgongoni kwa yule mwanaume, kama karani anayesubiri mtu akosee kujaza fomu.

"Tangulieni tu," alisema kila aliposubiriwa. "Magoti yangu ndiyo mabovu. Macho ni mazima. Nawaona."

Fundi alicheka, ingawa moyoni hakuwa na kicheko. Mtaani kwao kila mtu alimwita Fundi, maana kwa miaka saba hapakuwa na bibi harusi wa maana aliyeolewa bila gauni lake kupita kwenye cherehani yake. Aliwavalisha wenzake mpaka wengine wakaanza kurudi na watoto wa kushonewa sare za shule. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na gauni lake alikuwa amelikata kimya kimya mwezi uliopita, akalificha chini ya vitambaa vya wateja ili mama yake asilione.

Mbele yake alitembea Mabango, mrefu, mabegi mawili begani, madoa ya rangi kwenye kucha hata siku ya safari. Kazi yake ndiyo iliyompa jina. Walikutana miaka mitatu nyuma, alipokuja kuandika maneno kwenye kioo cha mbele cha duka la Fundi. Alipomaliza maandishi aliona kona moja imebaki tupu, akauliza, "Hapa nikuchoree nini?"

"Nichoree mahali ambapo hakuna mteja anayenisubiri," Fundi alimjibu.

Akamchorea mlima wenye kilele kilichomeguka kama jino, ziwa dogo miguuni pake na nyumba ya mawe kando ya ziwa. Fundi alipouliza ni wapi, alimjibu bila kumtazama kwamba aliwahi kukaa huko miezi kumi na sita akipaka rangi nyumba ya wageni. "Utanipeleka?" "Nitakupeleka." Tangu siku ile Fundi alishona huku akiutazama mlima ule, na hakukumbuka ni lini hasa alianza kumtazama mchoraji.

Mama yake hakutaka kuutazama mlima wala mchoraji. "Ana miezi kumi na sita ambayo hakuna ndugu wala jirani anayejua alikuwa wapi," alisema mama yule kila siku. "Kila ukiuliza unaambiwa mlima. Mimi simkaribishi mtu nusu." Kwa miaka mitatu Mabango hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Hatimaye, wiki iliyopita, mama alilegeza kamba kidogo: waende huko kwenye mlima wao, na mdogo wake, huyu Mama Mdogo, awe shahidi. Ikionekana kweli kijana aliishi huko, wazee wake waje wazungumze. Ikionekana ni uongo, binti achague moja, mama yake au huyo mchora vioo.

Walipozunguka kona ya mwisho, mlima mzima ukasimama mbele yao. Kilele kilichomeguka kilikuwa pale. Ziwa lilikuwa pale, dogo na la kijani, na nyumba ya mawe ilikuwa na moshi unaotoka jikoni. Fundi alisimama, mkono kifuani. Alikuwa amewaza siku hii mara elfu, na mara zote elfu alikuwa amesahau kuwaza upepo na harufu ya majani mabichi.

"Ni wenyewe," alisema, na machozi yakamtoka. "Mpenzi, ni wenyewe kabisa!"

Mabango alikuwa amesimama mdomo wazi, begi moja limemteleza mpaka kwenye kiwiko.

"Na wewe mbona unashangaa?" Mama Mdogo aliuliza, akihema. "Si ulikuwa unaamka nao kila siku?"

"Mlima kama huu hauzoeleki, Mama Mdogo."

"Mh," alisema Mama Mdogo. Mguno wake mmoja ulikuwa na maneno mengi kuliko barua.

Kwenye nyumba ya wageni walipokewa na msimamizi, mwanamke mnene mchangamfu mwenye funguo nyingi kiunoni. Aliwakaribisha viti vya barazani, akawaletea chai. Mama Mdogo hakungoja hata ipoe.

"Dada yangu, uko hapa tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu, mama."

"Na kabla yako?"

"Waliokuwepo wote wameondoka. Nyumba iliuzwa, mwenye nyumba mpya akaleta watu wake."

Mama Mdogo alimgeukia Mabango taratibu, kijiko kikizunguka kikombeni. "Umebahatika, baba. Mashahidi wako wote wamehama."

"Mama Mdogo!" Fundi alimkemea.

"Nimesema kabahatika. Bahati imekuwa tusi?"

Mabango alitabasamu kwa shida. Aliweka kikombe chini, akamwuliza msimamizi kwa sauti ndogo choo kiko wapi. Kijiko cha Mama Mdogo kikasimama.

"Mtu amekaa hapa miezi kumi na sita," alisema, akiitazama dari, "anauliza choo kilipo. Ama alikuwa haendi?"

"Kilikuwa nyuma ya jiko zamani," Mabango alisema haraka. "Nyuma ya jiko, karibu na mti wa mizizi mikubwa."

"Ni kweli," msimamizi aliitikia. "Kilihamishwa. Na mti ulikatwa."

Fundi alishusha pumzi ambayo hakujua alikuwa ameibana. Akamtazama mama yake mdogo kwa jicho la umeona-sasa. Lakini alipomsindikiza Mabango kwa macho, aliona shingo yake ina kijasho chembamba, na baridi ile ilikuwa ya kuvalia masweta mawili. Kitu kidogo kikamgusa rohoni, akakisukuma pembeni.

Baada ya chai walishuka mpaka ukingoni mwa ziwa. Hapo ndipo Mama Mdogo alipotoa simu yake. Haikuwa na mtandao. Msimamizi alikuwa amewaambia mtandao unashikika juu, kwenye tangi la maji peke yake. Lakini Mama Mdogo hakutaka kupiga. Alitafuta picha, akainyoosha simu mbele ya uso wake, akawa anatazama picha, anatazama mlima, anatazama picha tena. Ilikuwa picha aliyompiga Fundi dukani siku moja alipokuwa akimsaidia kushona vifungo, Fundi yuko kwenye cherehani, na nyuma yake kioo chenye mlima.

"Njooni hapa," alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Njooni wote wawili. Fundi, mwanangu, ziwa kwenye kioo chako liko upande gani?"

"Kushoto."

"Na hili hapa?"

Fundi alitazama. Ziwa lilikuwa kulia. Akatazama kilele. Dukani kilikuwa kimemegukia upande wa cherehani, upande wa kulia. Huku kilikuwa kimemegukia kushoto.

"Mtu anaweza kusahau rangi ya mlango," Mama Mdogo aliendelea. "Anaweza kusahau majina ya watu. Lakini huwezi kuamka mbele ya mlima miezi kumi na sita ukasahau maji yako upande gani. Kijana, mimi sina ugomvi na wewe. Nakuuliza kama mzazi. Uliwahi kufika hapa?"

Mabango alifungua mdomo, akaufunga. Uso ulikuwa umemshuka. Fundi alimtazama, akamsihi kwa macho: sema kitu, sema chochote. Sekunde zilipita, na kila iliyopita ilimkata maini. Aliona miaka mitatu inamponyoka mkononi. Akamwona mama yake amekaa kwenye kiti chake akisema nilikuambia, na akajiona mwenyewe, na miaka yake thelathini na mitatu, akikunja gauni na kulirudisha chini ya vitambaa vya watu.

Kisha, kama mtu aliyepigwa kofi, akashtuka.

"Mama Mdogo! Picha hii uliipiga ukiwa wapi?"

"Dukani kwako, wapi tena?"

"Ndani ya duka!" Alikuwa tayari anacheka na kulia kwa pamoja. "Sisi tuko ndani! Huwa wanachora kwa ndani ili mvua na vumbi visiguse rangi. Wanachora kinyume, ili anayepita nje aone sawasawa. Hata maandishi, mimi nikiwa kwenye cherehani nayasoma kinyume! Ni kama nguo, Mama Mdogo. Mimi miaka yote mitatu nimekaa upande wa bitana. Kumbuka ukiwa barabarani, ziwa liko upande gani?"

Mama Mdogo alifumba macho, akanyoosha mkono wa kulia hewani kama anayetembea mtaani. "Mlango uko huku… ziwa… ziwa liko upande wa mlango." Akafumbua macho. "Kulia."

"Kulia!"

Mama Mdogo akapiga makofi mawili ya mshangao, akaanza kucheka kicheko kilichomtikisa masweta yote.

"Ewe mwana wa watu, si useme! Mimi nakuhukumu, wewe umenyamaza kama umemeza mswaki! Nisamehe, baba. Nimekuonea."

"Haina neno, Mama Mdogo," Mabango alisema, taratibu sana. "Ndivyo tunavyofanya kazi."

"Sasa ngoja nipande huko kwenye tangi nimpigie dada. Leo atalala usingizi mzuri, na mimi nitavua sweta moja."

Akaondoka akipanda mteremko, magoti yamepona ghafla. Fundi alimrukia Mabango shingoni. Alimkumbatia kwa nguvu zote za miaka mitatu, uso kwenye shati lake.

"Nisamehe," alimnong'oneza. "Na mimi nilikutilia shaka. Dakika moja tu, lakini nilikutilia. Wewe hujawahi kunidanganya hata siku moja, na mimi nikakuangalia kama mwizi. Nisamehe, mpenzi."

Mikono ya Mabango ilikuwa imemshika mgongoni. Akaihisi inalegea, kisha inaondoka kabisa.

"Usiniombe msamaha," alisema.

"Kwa nini nisikuombe? Nimekukosea."

"Fundi, tafadhali. Usiniombe." Alirudi nyuma hatua moja. "Mimi sijawahi kufika hapa."

Fundi alicheka. Kisha akaona macho yake, kicheko kikafia njiani.

"Sijaelewa."

"Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Mlima niliuchora kutoka kwenye kalenda."

"Na choo? Choo ulijuaje? Na mti?"

"Nilifungwa pamoja na mtu aliyewahi kuwa mpishi hapa."

Neno lile lilikaa hewani. Fundi alilisikia vizuri, lakini akili ilikataa kulipokea.

"Ulifungwa."

"Miezi kumi na sita. Rafiki yangu mmoja aliniletea vipande vya bati nimwandikie namba za magari. Sita. Aliniambia ni za gereji ya mjomba wake. Magari yalikuwa ya wizi." Alimeza mate. "Naweza kukuambia sikujua. Mahakamani nilisema sikujua. Lakini nilijua kuna kitu. Mtu hapeleki namba za gari kwa mchora mabango saa kumi na mbili asubuhi. Nilijua, nikaandika."

"Na kalenda?"

"Ilikuwa ukutani kwenye karakana ya gereza, ya mwaka uliokwisha, hakuna aliyejali kuitoa. Huyo mpishi alikuwa akiiangalia anasema, pale ndipo nilipokuwa nachemsha maji, pale ndipo nilipokuwa nakaa. Mpaka nikaijua nyumba hii kuliko ya kwetu."

Fundi aligundua kwamba amekaa chini kwenye nyasi. Hakukumbuka kukaa.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu nakutetea mbele ya mama yangu. Nimekosana na kaka zangu. Nimeapa, unanisikia? Nimeapa kwa kila kiapo ninachokijua kwamba wewe si mwongo."

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungeniambia siku ya kwanza!"

"Siku ya kwanza nilikuwa na siku kumi na moja tangu nitoke. Kila mlango niliobisha waliniuliza nilikuwa wapi, nikawaambia, wakafunga. Wewe hukuniuliza. Uliniambia, karibu fundi. Nilikuwa sijaitwa fundi muda mrefu. Nikaogopa na wewe utafunga."

"Usinilize!" Alikuwa analia tayari, na alimchukia kwa hilo. "Usiniletee maneno matamu sasa hivi! Na kwa nini umesema leo? Eti? Mama Mdogo keshaamini. Mimi nimeamini. Umeshavuka! Ungenyamaza tu, ungenyamaza mpaka tunazeeka, nani angejua?"

"Mimi."

"Ulikuwa unajua miaka yote, mbona hukufa?"

"Kudanganya nimekwisha kuzoea," Mabango alisema, na sauti ikamkatika. "Lakini umeniomba msamaha. Umeniomba msamaha mimi, kwa kunishuku, na ulikuwa na haki. Hilo nimeshindwa, Fundi. Nimejikaza nimeshindwa."

Hakumsogelea. Alisimama pale pale, mikono imening'inia, mtu mzima aliyekwisha kujihukumu na sasa anasubiri tu kuambiwa tarehe. Fundi alitamani kumpiga. Alitamani pia kumfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, na matamanio yale mawili yalimjia kwa pamoja.

Juu ya mteremko Mama Mdogo alikuwa amefika kwenye tangi. Alikuwa ameinua simu hewani, anaisogeza huku na huku. Kisha akaiweka sikioni, na hata kwa umbali ule Fundi aliona bega lake limesimama wima. Amempata.

Ndipo Fundi alipoelewa kwamba sasa jambo limemwangukia yeye. Dakika chache zilizopita uongo ulikuwa wa Mabango peke yake. Akikaa hapa kwenye nyasi dakika tano, mama atafurahi, wazee watakuja, gauni litatoka mafichoni, na uongo utakuwa wa watu wawili. Akisimama, huenda akampoteza mama au mwanaume huyu, na mwanaume huyu bado alikuwa anampenda, kwa hasira na yote.

Alifuta uso kwa kiganja, akasimama.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye tangi. Utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea tena maisha yangu yote."

Walipanda bila kushikana mikono. Walipofika, Mama Mdogo alikuwa katikati ya hadithi ya bitana, anacheka, simu iko kwenye spika.

"…huyu hapa binti yako amekuja, dada, msikie mwenyewe!"

"Mwanangu!" Sauti ya mama ilikuwa na wepesi ambao Fundi hakuwa ameusikia kwa miaka mingi. "Kumbe ni kweli! Mimi nimekusumbua bure…"

"Si kweli, Mama."

Kicheko cha Mama Mdogo kikakatika.

"Mabango ana neno. Usikate, Mama. Nakuomba usikate." Akaichukua simu mkononi mwa mama yake mdogo, akampa.

Mabango aliishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama," alisema. Hakujibiwa. Salamu yake haikuwahi kuitikiwa na mwanamke yule hata mara moja, barabarani wala msibani. Akaendelea hivyo hivyo. Alieleza gereza, namba sita, kalenda na mpishi. Hakujipunguzia. Alipofika kwenye "nilijua kuna kitu," Mama Mdogo alijikalisha juu ya jiwe, mkono mdomoni. Fundi alikuwa amesimama hatua tatu mbali na Mabango. Sasa alisogea, akasimama kando yake, bega kwa bega.

"Nimemaliza, mama," Mabango alisema.

Upepo ulivuma kwenye simu, wa huku au wa huko, haikujulikana.

"Mpe simu binti yangu."

Fundi aliipokea. "Niko hapa, Mama."

"Ulijua?"

"Hapana. Nimeambiwa sasa hivi, hata robo saa haijapita."

"Mmemkamata na nini? Nani kamtambua?"

"Hakuna, Mama. Hatukumkamata. Mama Mdogo alikuwa keshamwomba radhi, na mimi pia. Mama…" Alimtazama Mabango. "Alikuwa ameshashinda."

Fundi alimsikia mama yake anavuta pumzi, taratibu, kama anapopanga namna ya kuanza kumgomba mtu.

"Na wewe unasemaje?"

"Nimekasirika. Sijui nitakasirika mpaka lini. Lakini nimesimama upande wake."

"Mlete."

"Mama?"

"Mlete nyumbani, aseme hayo mbele yangu nikimwangalia usoni. Sijasema nimekubali, usije ukaanza kupiga vigelegele huko juu. Nimesema mlete."

"Ndiyo, Mama."

"Na hiyo salamu yake," mama alisema, na sauti yake ikawa ngumu zaidi, kama inavyokuwa akizuia kitu kisitoke. "Mwambie marahaba."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Simu ilikuwa bado kwenye spika, na Mabango alikuwa amegeukia mlima, viganja vimefunika uso, mabega yanamtikisika.